Katalogi ya maktaba imetoka kwenye droo, imekwenda wapi?

Kijana wa Mombasa aliyezaliwa baada ya mwaka 2000 huenda hajawahi kuvuta droo ya katalogi, yaani ya kadi zilizoorodhesha vitabu vya maktaba, maishani mwake. Akiingia maktaba ya umma pale Msanifu Kombo, au ya Chuo Kikuu cha Ufundi kule Tudor, mara nyingi amefuata meza, utulivu na mahali pa kuchaji simu. Kitabu atamwuliza Google kwanza, na mkutubi baadaye, kama atamwuliza. Kwa hiyo wengi wamekata shauri kwamba katalogi ni mambo ya kale. Naona wamekosea. Kilichozeeka ni droo. Kazi iliyokuwa ikifanywa na ile droo imepanuka, imehama jengo, na imekuwa na uzito mpya kwetu sisi watu wa pwani, ambao maandishi yetu mengi yamo makabatini majumbani, misikitini, na katika maktaba za ng'ambo.

Kuna mambo mawili yanayochanganywa kila siku: kutafuta na kuorodhesha. Kutafuta ni kazi ya msomaji, au ya mashine inayomsaidia. Kuorodhesha ni kazi ya mtu aliyekaa na kitabu mkononi akakikagua, akaamua ni kitu gani hasa, ni cha nani, kinahusu nini, na kina uhusiano gani na vingine vilivyopo. Simu imelirahisisha la kwanza kupita kiasi. La pili bado linataka mtu anayejua.

Na ni kazi ya zamani sana. Mjini Baghdad, mwaka 987, mwuza vitabu aliyeitwa Ibn al-Nadim aliandika orodha ya vitabu vyote alivyovijua katika lugha ya Kiarabu, vilivyotungwa kwa Kiarabu na vilivyotafsiriwa kutoka kwa Wayunani, Waajemi na Wahindi. Alivipanga kwa fani, akaeleza waandishi walikuwa kina nani na kila mmoja alitunga nini. Sehemu kubwa ya vitabu hivyo imepotea, haikubaki hata kurasa moja. Tunajua vilikuwepo kwa sababu yeye alikaa akaviandika. Anayedhani katalogi ni kibao tu cha kuelekeza rafu, na alitazame jambo hilo kwa makini: vitabu vimeondoka, orodha ipo.

Katalogi tuliyoirithi sisi katika maktaba za kisasa ilipata kanuni zake mwaka 1876, pale Charles Ammi Cutter wa Marekani alipoandika katalogi inapaswa kufanya nini. Imwezeshe mtu kupata kitabu akijua mwandishi, au jina la kitabu, au mada. Imwonyeshe maktaba ina nini cha mwandishi huyo, na nini juu ya mada hiyo. Na imsaidie kuchagua kati ya toleo moja na jingine. Mwaka huohuo Melvil Dewey alichapisha mpango wake wa kugawa maarifa yote kwa namba, mpango ambao hadi leo unaamua kitabu kikae wapi katika maktaba nyingi za Kenya. Nitarudi kwa Dewey, maana kwetu Mombasa mpango wake una jambo la kujibu.

Kadi yenyewe ilikuwa kipande cha karatasi ngumu, upana kama sentimita 12.5, kimo kama 7.5. Juu kushoto palikaa namba ileile iliyobandikwa mgongoni mwa kitabu. Mstari wa kwanza ulikuwa jina la mwandishi, la ukoo likitangulia. Chini yake, kwa kuingia ndani kidogo, jina la kitabu, mji kilipochapishwa, mchapishaji na mwaka. Kisha idadi ya kurasa, kimo cha kitabu, na kama kina picha au ramani. Chini kabisa kadi ilikuwa na tundu, na ufito wa chuma ulipita katika matundu ya kadi zote za droo ili mtu asichomoe moja akaondoka nayo. Kitabu kimoja kilihitaji kadi tatu, nne, hata sita: ya mwandishi, ya jina, na moja kwa kila mada. Zote zilipigwa taipu na kupangwa kwa mkono. Ndiyo maana wakutubi wa zama hizo walikuwa wabahili wa mada. Kitabu kinachozungumzia wavuvi wa pwani, majahazi yao, nyimbo zao na imani zao za bahari kingepewa mada mbili, pengine tatu, basi. Ya nne ilikuwa kadi nyingine, na droo hazikuwa na mwisho wa kujaa.

Kadi ilikuwa na upungufu mwingine mkubwa zaidi: iliishi katika jengo moja. Tangu 1901 Maktaba ya Bunge la Marekani ilikuwa ikiuza kadi zilizokwisha kuchapwa, hivyo maktaba nyingine hazikulazimika kukieleza kitabu kilekile upya. Hata hivyo, msomaji wa Mombasa aliyetaka kujua kama kitabu fulani kipo Nairobi hakuwa na njia ila kuandika barua au kupanda gari.

Ukuta huo ulibomolewa na mwanamke ambaye hakuwa mkutubi. Henriette Avram alikuwa mtaalamu wa programu za kompyuta, na katika miaka ya 1960 Maktaba ya Bunge la Marekani ilimpa kazi ya kuifanya kadi isomeke na mashine. Alichokibuni kinaitwa MARC, na bado ndicho kilicho chini ya katalogi nyingi za dunia. Rekodi ya MARC imegawanywa sehemu, kila sehemu na namba ya tarakimu tatu: 100 ni mwandishi, 245 ni jina la kitabu, 264 ni habari za uchapishaji, 650 ni mada. Mtu wa Kilindini ataelewa haraka kwa nini hili lilikuwa kubwa. Kontena hubeba mchele au vipuri vya magari, lakini vipimo vya pembe zake ni vilevile kila mahali, kwa hiyo kreni ya bandari yoyote huweza kuinyanyua. MARC iliifanyia habari ya kitabu jambo hilohilo. Rekodi iliyoandikwa Washington ikaweza kuingia kwenye kompyuta ya Mombasa bila kupigwa upya hata herufi moja.

Mengine yalifuata kwa kasi. Huko Ohio vyuo viliungana mwaka 1967 chini ya shirika la OCLC, na kuanzia 1971 wakaanza kuorodhesha pamoja kwenye mfumo mmoja. Maktaba moja ikikieleza kitabu, nyingine zote hunufaika. Shirika hilohilo liliendelea kuchapa kadi kwa waliozitaka hadi tarehe 1 Oktoba 2015, siku kundi la mwisho lilipotoka mashineni. Kwa maktaba zisizo na fedha nyingi, tukio lililoleta nafuu zaidi lilikuwa la Januari 2000, wakati maktaba ndogo za wilaya ya Horowhenua, New Zealand, zilipoanza kutumia programu huria iitwayo Koha. Haiuzwi. Yeyote anaweza kuipakua, kuirekebisha na kuitumia, hata kwenye kompyuta moja isiyo na intaneti. Baadhi ya maktaba za vyuo vikuu nchini Kenya zinaendeshwa nayo leo.

Basi hapo ndipo katalogi ilipobadilika tabia. Ilikuwa orodha ya mali ya nyumba moja. Ikawa sehemu ya maelezo yanayoshirikiwa na dunia nzima. Faida yake haihitaji kutetewa. Gharama yake ndiyo isiyosemwa mara nyingi: ukinakili rekodi ya mtu, unanakili pia namna anavyoiona dunia.

Turudi kwa Dewey. Katika mpango wake, dini imepewa namba 200 hadi 299. Biblia na Ukristo vimechukua 220 hadi 289. Dini nyingine zote zimebanwa katika 290, na Uislamu wote, pamoja na Ubahai, umewekwa chini ya 297. Nenda katika maktaba yoyote yenye vitabu vingi vya Kiislamu uangalie migongo ya vitabu: 297.122 kwa Kurani, 297.63 kwa sira ya Mtume, na tarakimu zinazidi kurefuka hadi lebo haitoshi mgongoni. Fasihi ni vivyo hivyo. Fasihi ya Kiingereza ina nafasi yake pana, 820. Fasihi ya Kiswahili iko 896.392, ndani ya 890, mahali palipotengwa kwa lugha ambazo mwenye mpango hakuziona kuwa karibu naye. Katika mji ambao ushairi wa Kiswahili ni mazungumzo ya barazani, tenzi zetu zimekaa kwenye kona ya mwisho ya rafu.

Zamani za kadi jambo hili lilimwumiza msomaji hasa, kwa kuwa namba ilikuwa ndiyo njia. Kompyuta imelegeza fundo hilo. Namba imebaki anwani ya rafu tu, na msomaji anaweza kufika kwa milango mingine kumi. Mada hazihitaji kadi tena. Kile kitabu cha wavuvi sasa kinaweza kupewa mada kumi na mbili bila droo kujaa. Lakini milango haijifungui yenyewe, na wa mada bado mara nyingi umefungwa kwa ufunguo wa Kiingereza. Orodha ya mada inayotumiwa kote, ya Maktaba ya Bunge la Marekani, imeandikwa kwa Kiingereza. Waswahili ndani yake wanaitwa "Swahili-speaking peoples". Mtoto wa Bondeni akiandika "Waswahili" kwenye kisanduku cha kutafutia, au "uvuvi", au "ngalawa", mashine itamletea vile tu vyenye neno hilo kwenye jina la kitabu. Vingine, vilivyoelezwa kwa Kiingereza peke yake, vitabaki kimya, na mtoto ataondoka akiamini havipo.

Dawa ipo na haina gharama ya kuogopesha. MARC ina sehemu ya 653, ya maneno ya mada yaliyo huru, ambamo mwenye kuorodhesha anaweza kuandika Kiswahili chochote anachojua wasomaji wake watakitumia. Kwa maoni yangu maktaba yoyote ya pwani inayoacha sehemu hiyo tupu imefanya nusu ya kazi. Kunakili rekodi kutoka nje ni sawa kabisa. Kuikubali ilivyo bila kuiongezea kitu ni kumwachia mtu wa mbali aamue watoto wetu watafute kwa maneno gani.

Majina ndiyo sehemu ninayoipenda kuliko zote, na ndipo mashine za kutafuta zinapofeli waziwazi. Mtu afike kaunta aseme, "Naomba maandishi ya Al-Amin Mazrui." Mkutubi anayejua mji wake atauliza, "Yupi, mwanangu?" Yupo Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui, aliyeishi kati ya 1891 na 1947, aliyetoa magazeti ya Kiswahili hapa Mombasa miaka ya 1930 na kisha kuwa Kadhi Mkuu. Yupo Profesa Alamin Mazrui wa ukoo huohuo, mwanaisimu na mtunzi wa tamthilia wa zama zetu. Na ukisema "Ali Mazrui" hujatoka matatani. Dunia itakuletea Profesa Ali Mazrui, mtaalamu wa siasa aliyefariki 2014, mwana wa huyo Sheikh Al-Amin. Ila babake Sheikh Al-Amin alikuwa Sheikh Ali bin Abdallah bin Nafi Mazrui, mwanachuoni aliyefariki 1894. Wawili Ali, wawili Al-Amin, ukoo mmoja, mji mmoja, na kila mmoja ana maandishi au mafundisho yanayotafutwa. Ongeza juu yake tahajia: Mazrui, al-Mazrui, Mazru'i, El-Mazrui. Injini ya kutafuta hulinganisha herufi na kutazama kipi kinabofywa zaidi, na anayebofywa zaidi ni yule aliyeandika kwa Kiingereza. Yule wa 1894 atazama chini kabisa.

Katalogi nzuri hutatua hili kwa faili la majina. Kila mtu hupewa rekodi yake mwenyewe: jina lililochaguliwa kuwa la kawaida, tahajia nyingine zote anazojulikana kwazo, miaka yake, na namba isiyomhusu mtu mwingine yeyote. Kitabu hakiunganishwi tena na herufi. Kinaunganishwa na namba. Msomaji akiandika tahajia yoyote kati ya hizo, anafika kwa mtu mmoja. Maktaba za taifa za nchi nyingi zimekubali kuunganisha mafaili yao ya majina kwenye mfumo uitwao VIAF, ili mtu aliyeandikwa hivi London na vile Cairo atambulike kuwa ni yuleyule. Sasa fikiria malenga au sheikh wa Mombasa ambaye hakuna maktaba ya taifa iliyowahi kumwandikia rekodi. Huyo hana namba. Maandishi yake yataendelea kuelea, mara yakihesabiwa kuwa ya mwingine, mara ya mtu asiyejulikana.

Na mtindo wa kutanguliza jina la mwisho nao haukutungwa kwa ajili yetu. Abdilatif Abdalla, mshairi wa mji huu, anapangwa chini ya Abdalla, yaani chini ya jina la babake, ingawa hakuna mtu wa Kuze wala Makadara angemwita hivyo. Kwa wenye "bin" katikati ya majina hali huwa mbaya zaidi. Kwa bahati, kwenye kompyuta majina yote mawili yanaweza kuwa mlango. Ni lazima tu mtu ayaandike yote mawili.

Kuna ngazi nyingine ya mabadiliko isiyoonekana na wengi. Mwaka 1998 shirikisho la kimataifa la maktaba, IFLA, lilitoa mfano mpya wa kufikiri: ukisema "kitabu" unaweza kuwa unamaanisha vitu vinne tofauti. Kwanza ni kazi yenyewe, ile iliyotungwa. Pili ni namna ilivyosemwa, kwa mfano tafsiri fulani. Tatu ni chapa, iliyotoka kwa mchapishaji fulani mwaka fulani. Nne ni nakala, ile iliyoko rafuni, yenye doa la chai ukurasa wa arubaini. Kwenye kadi mambo haya manne yalibanwa pamoja. Kanuni mpya za kuorodhesha zilizotoka 2010, ziitwazo RDA, zinajaribu kuyatenganisha na kueleza jinsi yanavyohusiana.

Yanasikika kama nadharia tupu? Chukua tarjuma za Kurani kwa Kiswahili. Ya kwanza kamili kuchapishwa ilikuwa ya Godfrey Dale, padri wa Kianglikana, mwaka 1923. Mwaka 1953 ikatoka ya Waahmadiyya, kazi ya Sheikh Mubarak Ahmad. Mwaka 1969 ikatoka kamili ile ya Sheikh Abdullah Saleh al-Farsy, Mzanzibari aliyekuwa Kadhi Mkuu wa Kenya. Kwa mashine inayolinganisha maneno, zote tatu ni "Kurani kwa Kiswahili". Kwa msomaji wa hapa tofauti ni kubwa mno. Mama anayetaka kumnunulia mwanawe anataka tarjuma ya mtu anayemwamini. Mwanafunzi wa uzamili anataka zote tatu kwa pamoja, kwa kuwa anachunguza jinsi wafasiri walivyojibizana katika maelezo yao. Mwingine anataka chapa ileile aliyoizoea babu yake, yenye kurasa zilezile. Katalogi iliyoandikwa vizuri huwajibu wote watatu: huonyesha asili moja, chini yake tarjuma tatu kila moja na mfasiri wake, chini ya kila tarjuma chapa zake, na chini ya chapa, nakala iliyopo na mahali ilipo. Hili ndilo lengo la tatu la Cutter, la kumsaidia mtu kuchagua, na ndilo ambalo kadi haikuweza kulitimiza.

Maandishi ya mkono yanahitaji kazi hii kuliko kitu kingine chochote. Muyaka bin Haji, malenga wa Mvita aliyefariki karibu mwaka 1840, hakuchapisha kitu. Mashairi yake yaliishi vifuani mwa watu, kisha Mwalimu Sikujua akayakusanya na kuyaandika kwa hati za Kiarabu, akishirikiana na mmisionari W. E. Taylor. Karatasi za Taylor leo ziko London, katika maktaba ya chuo cha SOAS. Diwani iliyochapishwa kwa hati za Kirumi ilitoka 1940 kwa uhariri wa William Hichens, na mwaka 1979 Mohamed Hassan Abdulaziz akatoa utafiti wake wenye mashairi hayo. Ukikaa Kisauni na simu yako, unawezaje kujua kwamba shairi unalolisoma katika kitabu cha shule lina asili iliyoandikwa kwa mkono, na asili hiyo iko wapi? Hutajua kwa kutafuta maneno ya shairi. Utajua kwa kuwa SOAS iliorodhesha miswada yake ya Kiswahili na kuiweka orodha hiyo kwenye mtandao. Na MARC ina sehemu ya 880, inayobeba jina au maneno kwa hati zake za asili sambamba na yale ya Kirumi, hata anayesoma hati za Kiarabu aweze kutafuta kwa hati hizohizo. Nimekutana na rekodi nyingi za vitabu vya pwani zenye jina la Kirumi tu, lililokisiwa na mtu ambaye bila shaka hajui Kimvita, lahaja ya Mombasa. Irabu zimepotea, "t" na "th" zimechanganywa, na aliyelikariri shairi hilo tangu utotoni hawezi kulipata.

Upande wa pili wa jambo hili ni picha. Miaka hii kila mtu anasema tuskani, tuskani. Kuskani ni kuzuri, na jirani zetu wa Lamu wameonyesha njia: miswada ya Msikiti wa Riyadha ilipigwa picha chini ya mradi wa Maktaba ya Uingereza wa kuokoa hifadhi zilizo hatarini, na picha zile ziliwekwa pamoja na maelezo ya kila mswada. Maelezo hayo ndiyo yanayozifanya zifae. Picha elfu moja zenye majina ya namba za kamera ni rundo tu, limehamishwa kutoka kabatini kwenda kwenye diski. Bado programu hazijui kusoma hati ya mkono ya Kiswahili cha kale kwa kuaminika. Mpaka zijue, na hata zikijua, lazima pawe na mtu wa kusema huu ni utenzi gani, umenakiliwa na nani, na mwisho wake umepotea au haukuandikwa.

Vitabu na majarida ya kielektroniki nitayapitia upesi. Hapo katalogi imeacha kusema "tunacho" na kuanza kusema "tunaruhusiwa kukisoma". Maktaba za Kenya hulipia majarida mengi kwa pamoja kupitia muungano wao wa KLISC, na ada isipolipwa, kilichoonekana jana leo hakifunguki. Rekodi nayo ikibaki, inampeleka msomaji kwenye mlango uliofungwa. Kuzisafisha rekodi za namna hiyo ni kazi ya kila mwezi, isiyo na sifa, na maktaba nyingi haziifikii.

Kama kuna aliye na shaka juu ya uzito wa katalogi yenyewe, tukio la London mwishoni mwa Oktoba 2023 linatosha. Wahalifu wa mtandaoni waliivamia Maktaba ya Uingereza na kufunga mifumo yake. Hakuna kitabu kilichoibwa wala kuungua. Mamilioni ya vitabu yalikuwa palepale rafuni, lakini katalogi haikupatikana, na kwa sababu hiyo sehemu kubwa ya vitabu hivyo haikuweza kuitwa. Katalogi kuu ilirudi katikati ya Januari 2024, kwa kusomwa tu. Watafiti waliosafiri kutoka nchi za mbali walirudi mikono mitupu kutoka kwenye jengo lililojaa vitabu. Hapa kwetu, ambako stima hukatika na diski hufa, funzo lake ni la vitendo: rekodi zinakiliwe, na nakala ikae jengo jingine.

Halafu imekuja akili unde. Mwanafunzi huiuliza imtajie marejeo kuhusu historia ya Mombasa, nayo humpa orodha safi: mwandishi, jina la kitabu, mchapishaji, mwaka. Baadhi ya vitabu hivyo havikuwahi kuandikwa na mtu yeyote. Mashine imeunganisha majina ya kweli na vichwa vinavyoelekea kuwa vya kweli. Mwalimu atathibitishaje? Atakwenda kwenye katalogi, kwa kuwa rekodi ya katalogi ina maana moja tu: kuna mtu aliyekishika kitabu hiki. Hii ni kazi ambayo Cutter hakuiorodhesha, ila naiona ikizidi kuwa kazi kuu. Na ndipo hatari yetu inapokuwa mbili. Kitabu cha kubuni kinaweza kupita kwa kuwa hakuna wa kukikana, na kitabu cha kweli cha mwandishi wa hapa, kilichochapishwa kwa nakala chache bila ISBN, ile namba ya kimataifa ya kukitambulisha kitabu, na kuuzwa mlangoni mwa msikiti, kinaweza kukataliwa na mwalimu kwa kuwa hakimo kwenye orodha yoyote.

ISBN kwa Kenya hutolewa na Huduma ya Maktaba za Taifa, taasisi iliyoundwa kwa sheria ya 1965. Lakini Katiba ya 2010, katika Jedwali la Nne, imeziweka maktaba miongoni mwa kazi za kaunti. Mji huu una historia ndefu kuliko miji yote ya Kenya katika jambo hili. Maktaba ya umma ya Seif bin Salim, inayohesabiwa kuwa ya kwanza nchini, ilianza hapa mwaka 1903. Ajabu ni kwamba kila mara habari ya maktaba inapozungumzwa hadharani, huzungumzwa majengo, viti na kompyuta. Sijasikia mwanasiasa akiahidi kuajiri mwenye kuorodhesha. Kompyuta thelathini bila mtu huyo ni chumba cha intaneti. Mtu mmoja anayesoma hati za Kiarabu, anayejua Kimvita na aliyefundishwa MARC, angeweza kwa miaka michache kuyafanya maandishi ya Mombasa yaonekane kutoka popote duniani. Huyo ndiye ningemwajiri kwanza.

Naye hahitaji kusubiriwa ili kazi ianze. Madrasa yenye kabati moja la vitabu, au familia ya Mji wa Kale iliyo na sanduku la mzee, inaweza kuanza kwa daftari. Kwa kila kitabu kiandikwe jina kamili la mwandishi kama mwenyewe alivyoliandika, na majina mengine aliyojulikana kwayo. Jina la kitabu. Na kama hakina, basi maneno ya mwanzo na ya mwisho, maana tenzi nyingi hazina kichwa na hutambulikana kwa beti zao. Lugha, na hati iliyotumika. Jina la mnakili na tarehe, hata kama ni ya Hijria, bila kuibadilisha. Idadi ya kurasa na hali yake: wadudu, maji, kurasa zilizong'oka. Kisha mada kwa Kiswahili, nyingi iwezekanavyo. Kila moja ya hizo ina sehemu yake kwenye MARC, hivyo daftari likiwa kamili, kuliingiza kwenye Koha ni kazi ya kupiga taipu. Familia nyingi husita kwa kuhofia kwamba wageni watagonga hodi kila siku, au kwamba mali itachukuliwa isirudi kama ilivyochukuliwa zamani. Hofu yao ina msingi. Rekodi inaweza kuandikwa "mikononi mwa familia, Mombasa", bila jina wala mtaa, na anayetaka kuuona mswada akapitia kwa mkutubi, ambaye atawauliza wenyewe kwanza.